Bariadi mpaka KICC: wiki ya pamba, mawaziri na watu wasiolala

Jumapili, 13 Desemba 2015. Bariadi, Lamadi, Sirari

Nimeondoka huku watu wote wako shambani, ndo wakati wenyewe wa kupanda pamba huu, mvua ikikupita kwenye siku hizi basi umeula wa chuya, kwahiyo mke wangu hajafurahi sana kusikia mwenzie anaenda Nairobi "kukaa kwenye mkutano". Nikamwambia ni mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara la Dunia, WTO, wa kumi tangu waanze kukutana kule Singapore mwaka 1996, na ni mara ya kwanza kabisa unafanyika Afrika. Akaniuliza wanagawa mbegu? Nikabeba begi langu.

Kwa asiyenijua, mi ni katibu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa pamba huku Simiyu. Kuna mtandao wa asasi za wakulima umepata nafasi chache za watazamaji, wakataka mtu mmoja anayelima pamba kweli kweli, sio wa kuisoma kwenye ripoti, na jina langu likapita. Nauli wamelipa wao, chakula nijitegemee.

Lamadi nimesubiri basi la kutoka Mwanza mpaka nikachoka, limefika limejaa, nikapata siti ya nyuma kabisa pale kwenye kurushwa. Bunda, Makutano, Tarime, jioni tukawa Sirari. Afisa wa afya upande wa pili akataka kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kila Mtanzania, wasiokuwa nayo wakaitwa pembeni na mambo yakamalizwa huko huko pembeni. Mi nilikuwa nayo. Wabadilisha hela nao wamekuzunguka kama nzi, shilingi yetu 22 kwa moja yao, ukibisha sana 21 na nusu. Kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja na ndoo mbili za dagaa anaenda kuuza Migori, anaulizwa karatasi ya hiki na karatasi ya kile, nikawaza huyu ndo mfanyabiashara wa kimataifa wa kwanza kumwona kwenye safari hii, na hakuna mtu Nairobi atakayemtaja.

Usiku wote Kisii, Bomet, Narok. Sikulala.

Jumatatu, 14 Desemba. Nairobi

Tumeingia alfajiri, baridi ya Mai Mahiu imenikuta na shati jepesi. Gesti yangu ipo River Road, chumba kidogo ila maji ya moto yapo, nikashukuru.

Kuchukua beji ndo kazi iliyokula siku. Barabara za kuzunguka KICC, jumba la mikutano lenyewe, zimefungwa, City Hall Way huko polisi kibao, watu wa matatu wanalalamika kwamba mwaka huu Nairobi imekuwa ya wageni tu, mwezi wa saba Obama, mwezi uliopita Papa, sasa hawa wa biashara. Kijana mmoja wa chapo na ndengu ananiambia, "Boss, wakimaliza hawa kufunga barabara ndio tutaanza hiyo biashara wanaongelea."

Beji za mkutano hazifanani, na usidhani ni urembo. Ya kwangu ya NGO inaniruhusu ukumbi mkubwa, maeneo ya asasi, mgahawa na korido. Vyumba vya mazungumzo hapana. Ukikaa pale mlangoni dakika kumi unajua nani ni nani kwa kuangalia kifua tu.

Jioni tukakaa wenzangu wa mtandao kupeana habari. Habari kubwa ni makala ya Michael Froman, mwakilishi wa biashara wa Marekani, kwenye gazeti la Financial Times, kimsingi anasema tuachane na mazungumzo ya Doha, yamefika mwisho wake. Sasa Doha ni yale mazungumzo yaliyoanza 2001, yakaitwa ya maendeleo, na humo ndimo ishu yetu ya pamba ilipo. Yaani mgeni kabla hajavua viatu keshatangaza msiba. Kenya ndo mwenyeji, na Amina Mohamed, waziri wao wa mambo ya nje, ndo mwenyekiti, mama aliyekaa Geneva miaka na kuongoza Baraza Kuu la WTO mwaka 2005, kwahiyo anawajua hawa kwa majina na kwa tabia. Wakenya hawataki kabisa mkutano ufe mikononi mwao. Sisi waziri wetu wa biashara ametangazwa alhamisi ya juzi tu kwenye baraza jipya la Magufuli, hata kiti bado hakijapata moto.

Jumanne, 15 Desemba

Ufunguzi. Rais Uhuru Kenyatta yupo, Mama Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia yupo, Roberto Azevêdo mkurugenzi mkuu wa WTO yupo. Hotuba nzuri zote. Nilikuwa nyuma kule, nikawa naandika kila mara mtu akisema "pamba", mpaka muda wa chai pamba ilikuwa imetajwa mara chache sana, na wote waliotaja ni Waafrika.

Baada ya hapo ndo mawaziri wanaanza kusoma, mmoja baada ya mwingine, dakika chache kila mmoja, wanachama ni 162 kwahiyo hesabu mwenyewe. Ukumbi unapungua taratibu. Waziri wa nchi kubwa akisoma utaona viti vinajaa, akimaliza watu wanaondoka nae, akipanda wa kisiwa fulani anasomea viti na wakalimani. Kwanza nilidhani ni dharau, baadae dada mmoja mzoefu wa haya mambo akanielewesha, hotuba ni za kumbukumbu tu, kazi inafanyika vyumbani juu na kwenye mahoteli, na nchi yenye wajumbe wengi inaweza kuwa vyumba vitano kwa wakati mmoja, wakati nchi yenye wajumbe wanne inabidi ichague. Mmoja yupo kwenye kilimo, mmoja kwenye kundi la nchi maskini zaidi, mmoja anamfuata waziri, wa nne anatafuta chakula au anaandika ripoti. Rasimu zinatoka saa yoyote. Ukiikosa ya saa tano usiku, ya saa kumi alfajiri hutaielewa.

Na hapa huwa hawapigi kura. Uamuzi ni wa makubaliano ya wote, kwa maana kwamba Tanzania ikisema hapana inaweza kuzuia jambo sawa sawa na Marekani. Kwenye karatasi. Ila kusema hapana lazima uwe chumbani wakati swali linaulizwa.

Jumatano, 16 Desemba

Liberia wamekubaliwa kuingia, watu wamepiga makofi, Mama Sirleaf anatabasamu, nchi iliyotoka kwenye Ebola juzi. Afghanistan kesho.

Halafu wakubwa wakatangaza lao, mkataba wa kufuta ushuru kwenye bidhaa 201 za teknolojia ya habari, wanasema ni biashara ya dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Huo umefungwa na kundi la nchi kadhaa zenye viwanda hivyo, sio wote. Sina ubaya nao, simu ikishuka bei hata mi nitanunua, ila niliona jinsi mambo yanavyoenda haraka wakitaka. Pamba imewekwa mezani rasmi na nchi nne za Afrika Magharibi, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, tangu mwaka 2003. Mpaka leo tuko korido.

Chakula cha mchana nimekaa na mama mmoja wa Kikenya anayefanya kazi kwenye maua, Naivasha. Akaanza kunilaumu mimi, Mtanzania, kwa ule mkataba wa biashara, EPA, wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, eti tunasuasua kusaini. Nikamsikiliza. Mwaka jana mwezi wa kumi Ulaya waliwawekea Kenya ushuru kwasababu mazungumzo yalichelewa, maua yao yakatozwa mpaka mwisho wa Desemba. Sisi, Uganda, Rwanda na Burundi hatukuguswa kabisa, maana sisi tumo kwenye orodha ya nchi maskini zaidi duniani, tunaingiza vitu Ulaya bila ushuru kwa mlango mwingine. Kenya haimo kwenye hiyo orodha. Kwahiyo yeye ana haraka, mi sina, na serikali zetu zinatakiwa zisaini kitu kimoja. Akasema, "Kaka, nyinyi mnaringia umaskini." Tukacheka, lakini nilibaki nalo. Watu wanaongea "Afrika iwe na sauti moja" kana kwamba ni suala la tabia njema. Mwenye maua na mwenye pamba hawana njaa moja.

Alhamisi, 17 Desemba

Siku yangu kubwa. Kulikuwa na kikao cha pembeni cha pamba na pale nikakutana na mzee wa Burkina Faso, mkulima, kilemba na sandali, hajui Kiswahili mi sijui Kifaransa. Tukaokolewa na kijana wa Bukavu aliyekuja na asasi ya kwao, anatafsiri huku anakula mandazi, akichoka anafupisha. Mzee katoa mfukoni kipande cha pamba, akakishika kwa vidole gumba viwili akavuta, akalaza nyuzi juu ya kitambaa cha suruali, akavuta tena, mpaka zikalala sambamba unaziona urefu. Ndivyo hivyo hivyo wanavyofanya wanunuzi kwetu. Akasema hii ni ya mbegu zile za kubadilishwa vinasaba, wadudu kweli walipungua ila nyuzi zimekuwa fupi na wanunuzi wanakata bei, makampuni ya pamba ya kwao yameshaanza kuziacha. Nikaona hapa kuna mtu wa kuongea nae.

Nikamuuliza mbona hamkushtaki Marekani? Kijana wa Bukavu akacheka kabla hata ya kutafsiri.

Stori yenyewe ni hii, na inabidi niiandike vizuri maana kwetu watu wanasikia nusu nusu. Serikali ya Marekani inawalipa wakulima wake wa pamba, wanalima nyingi, bei ya dunia inashuka, na bei ikishuka kule sisi bei dira, ile inayotangazwa ya kuanzia kununulia, inashuka huku. Mwaka 2002 Brazil wakafungua kesi WTO. Wakashinda, wakashinda na rufaa, Machi 2005. Marekani ikafuta vitu vichache na kuacha vingine. Sasa WTO haina polisi, haina magereza, adhabu yake ni kwamba aliyeshinda anaruhusiwa kulipiza, aziwekee ushuru bidhaa za aliyeshindwa. Brazil wakapata ruhusa 2009, wakaandaa orodha ya bidhaa za Marekani na kutishia hata haki za hataza za dawa na hakimiliki za filamu. Hapo ndo Marekani ikakaa chini: 2010 ikakubali kulipa dola milioni 147.3 kila mwaka kwenye mfuko wa pamba wa Brazil, na Oktoba mwaka jana wakamalizana kabisa kwa dola milioni 300. Mtu aliyesimamia kesi ile upande wa Brazil ni nani? Azevêdo. Huyu huyu mkurugenzi mkuu aliyeko hapa mkutanoni.

Benin na Chad walikuwemo kwenye kesi ile kama wahusika wa tatu, yaani unaruhusiwa kusikiliza na kusema neno lako. Kwenye zile hela hawamo. Ruzuku kwa sehemu kubwa ikabaki, imebadilishwa sura, sheria ya kilimo ya Marekani ya 2014 imeleta bima maalum ya mapato ya pamba. Brazil kalipwa anyamaze, basi.

Mzee akaniuliza: nyie mkishinda, mtaiwekea Marekani ushuru kwenye nini? Nikafikiria. Mashine? Dawa? Ngano? Kila ninachotaja anayeumia ni mimi. Ndo maana mwezi uliopita WTO wamefikisha kesi ya 500, Pakistani wanaishtaki Afrika Kusini kuhusu ushuru wa saruji, na katika hizo zote hakuna hata moja iliyofunguliwa na nchi ya Afrika. Waafrika tumeshtakiwa, tumesikiliza, hatujashtaki. Watu wanasema hatuna mawakili. Mawakili wanakodishwa. Tatizo ni kwamba fimbo ya kuchapia unaambiwa uje nayo mwenyewe.

Kwahiyo kilichobaki ni kuongea, na kuongea maana yake ni kile kile cha jumanne, kuwa chumbani.

Ijumaa, 18 Desemba, na usiku wake

Leo ndo ilikuwa mwisho. Haijawa mwisho. Mchana kutwa tunaambiwa saa moja ijayo, saa mbili zijazo. Wapishi wa mgahawa wameanza kufunga, maji ya chupa yamepanda bei mtaani kote. Mi nilitakiwa niondoke na basi la leo, nimebadilisha.

Habari ya korido, na baadae kila mtu akaithibitisha, ni kwamba mambo makubwa yanajadiliwa na watano: Marekani, Umoja wa Ulaya, China, India na Brazil. Froman yupo, Cecilia Malmström wa Ulaya yupo, Nirmala Sitharaman waziri wa India yupo na inasemekana ndo mgumu kuliko wote, anataka kinga kwa wakulima wake dhidi ya bidhaa zinazoingia kwa kasi na anataka akiba ya chakula ya serikali isihesabiwe kosa. Wengine wote tunasubiri nje.

Usiku ule ningependa kila mtu anayesoma habari za "Tanzania yashiriki mkutano" auone. Saa nane usiku wanaume wa makamo wamelala kwenye makochi na tai zao, viatu wamevua, mwingine kalala kajifunika bendera ya meza. Dada mmoja wa ujumbe mdogo, sitasema nchi, ana laptopu magotini na simu mbili, anamwandikia mtu wa kwao kuuliza msimamo wa ibara fulani, na kule kwao ni usiku pia, mtu hajibu. Karibu yake wajumbe wa nchi kubwa wanabadilishana zamu! Wanakuja wengine wamelala, wameoga, wana kahawa, wale waliochoka wanaenda hotelini. Diplomasia ya biashara niliyokuwa naisikia redioni nilidhani ni hoja. Hoja sisi tunazo, hakuna mtu hata mmoja pale aliyepinga kwamba ruzuku ya pamba inamuumiza mkulima wa Afrika. Kinachopungua ni watu wa kupokezana saa nane usiku.

Nilirudi River Road alfajiri kwa miguu na wenzangu, teksi inataka hela ya kufikia Narok.

Jumamosi, 19 Desemba

Rasimu ya mwisho imetoka, watu wanagombania kopi, muda wa kusoma ni masaa tu. Jioni Amina Mohamed akagonga nyundo. Makofi, watu wanakumbatiana, Azevêdo anasema ni uamuzi mkubwa zaidi wa kilimo tangu WTO ianze miaka 20 iliyopita. Sibishi, kuna kitu: nchi tajiri zimekubali kufuta mara moja ruzuku za kuuzia mazao ya kilimo nje, isipokuwa vitu vichache, na zinazoendelea zimepewa mpaka mwisho wa 2018.

Nikaenda kona nikasoma ya pamba mara tatu na kalamu mkononi.

Kwanza, ruzuku ya kuuza pamba nje, tajiri wanafuta leo hii, wengine si zaidi ya 1 Januari 2017. Safi, ila hii walishaahidi Hong Kong mwaka 2005, na Marekani ile ya kwake kuu ya aina hiyo ilishafutwa 2006, kwahiyo wamefuta kilichokwishafutwa.

Pili, pamba ya nchi maskini zaidi iingie bila ushuru wala kikomo kwenye nchi tajiri, na kwa nchi zinazoendelea zinazojiona zina uwezo, kuanzia 1 Januari 2016. Humo katikati kuna kamstari kanasema kwa kiwango kilichomo kwenye mipango yao wenyewe ya upendeleo. Maana yake kila mtu anatoa alichokuwa anatoa. Na viwanda vya nyuzi vyenyewe viko wapi siku hizi, viko China, Bangladesh, Vietnam, sio Ujerumani.

Tatu, ruzuku za ndani, ile yenyewe inayotuua. Imeandikwa kwamba baadhi ya wanachama wamejitahidi na kwamba juhudi zaidi zinahitajika. Basi. Hakuna tarehe, hakuna kiasi.

Kuhusu Doha wameandika kitu sijawahi kukiona kwenye tamko la serikali yoyote: wanachama wengi wanaithibitisha tena, wengine hawaithibitishi. Yote kwenye ibara moja. Dada yule mzoefu akasema hii ndo lugha ya watu waliochoka. India wameondoka wamenuna, Kenya wamefurahi sana na wana haki, mkutano haujafia kwao.

Nilimtafuta mzee wa Burkina nimuage sikumwona. Kijana wa Bukavu tumepeana namba.

Jumatatu, 21 Desemba. Bariadi

Safari ya kurudi sina la kusema, pancha moja karibu na Migori na wapiga debe. Sirari kadi ya njano haikuulizwa na mtu yeyote.

Jumatano, 23 Desemba. Ofisi ya chama

Wamekuja wengi kuliko nilivyotegemea, wengine na udongo wa shambani miguuni. Nikawasomea yale matatu kwa Kiswahili, na Kisukuma kwa wazee. Kimya. Halafu maswali yakaanza na hayakuwa mabaya hata kidogo. Mzee mmoja akauliza kama Brazil walilipwa milioni 300, zile zimemfikia mkulima au zimeishia kwa vyama vya juu kama kwetu. Mama mmoja akasema wewe unatuambia Marekani wanawapa wakulima wao bima, sisi hata dawa ya kupulizia inakuja mdudu keshakula, kwahiyo badala ya kuwaambia Wamarekani waache, kwanini serikali isiulizwe sisi tunapewa nini? Ikazuka kelele ya dawa na mbegu zisizoota, mwenyekiti kaituliza kwa shida.

Swali lililobaki ni la kijana wa nyuma: kwenye chumba cha pamba, kwa upande wa Tanzania, alikaa nani? Hakusema kwa ubaya, anataka jina, au hata cheo, mtu ambaye tukimwandikia kabla ya mkutano mwingine atakuwa na bei zetu, gharama zetu za kulima ekari moja na hasara yetu ya msimu ikiwa mezani kwake, asitegemee kumpigia mtu simu usiku. Nilikaa pale wiki nzima na beji yangu shingoni na sikuweza kumjibu.

Tumekubaliana kuandika barua wizarani, nakala kwa Bodi ya Pamba na kwa mbunge. Nimeiandika siku hiyo hiyo, kurasa mbili, na jedwali la gharama za ekari: kulima, mbegu, palizi mbili, dawa, kuvuna, usafiri mpaka kwenye mizani. Inasubiri muhuri, na muhuri anao mwenyekiti, na mwenyekiti anapanda, mvua imerudi.